SpongeBob Chini ya Taa: Kwa Nini Nawaonyesha Watoto wa Pwani ya Mtwara Filamu Hii

Wengi wetu tunamjua SpongeBob, sponji wa katuni anayeishi chini ya bahari, kwa vipindi vifupi vya televisheni: hadithi ya dakika kumi na moja hivi, vurugu, vicheko, halafu mambo yote yanarudi yalivyokuwa. Katuni hiyo ilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 1999. Filamu yake ya kwanza, The SpongeBob SquarePants Movie, ilitoka mwaka 2004 na ina urefu wa dakika 87. Kazi yangu mimi ni viumbe wa bahari, si sinema, lakini filamu hii naitumia kufundishia watoto wa vijiji vya pwani huku Mtwara. Walimu na wazazi huniuliza kwa nini nimechagua katuni badala ya picha halisi za baharini. Sababu ni tukio moja, la mbele kidogo ya katikati ya filamu, ambalo sijaona kipindi cha televisheni kikilithubutu.

Hadithi kwa ufupi ni hii. Taji la Mfalme Neptune limeibwa. Aliyeiba ni Plankton, lakini lawama zimemwangukia Bwana Krabs, mwenye mgahawa, na roho yake iko mashakani. SpongeBob, ambaye ametoka kunyimwa umeneja wa tawi jipya kwa sababu eti bado ni mtoto, anajitolea kwenda kulitafuta taji. Anaongozana na rafiki yake Patrick, ambaye ni kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, hadi Shell City, mahali ambapo wanaambiwa hakuna aliyekwenda akarudi.

Katika vipindi, mji wao wa chini ya bahari ndio ulimwengu wote. Filamu inawatoa nje ya mji huo, na kila hatua inawasogeza kwenye hatari ambayo haitafutika kipindi kikiisha. Njiani kuna bonde la giza lenye majitu ya kutisha, na hapo watoto hupiga kelele mpaka hatusikilizani. Nami huwaambia kwamba vilindini kweli mna maajabu: mwaka 2003 kule Songo Mnara, Kilwa, wavuvi walimnasa silikanti, samaki wa jamii ambayo mpaka mwaka 1938 wanasayansi waliamini imetoweka tangu enzi za dinosaria. Lakini hilo ni la kupita tu.

Tukio lenyewe ni la mzamiaji. SpongeBob na Patrick wanakutana na kiumbe mkubwa mwenye jicho moja la kioo. Ni binadamu aliyevaa mavazi mazito ya kuzamia, na hakuchorwa. Ni mtu halisi aliyepigwa picha. Anawachukua mpaka dukani kwake. Shell City kumbe ni duka la zawadi za watalii. Rafu zimejaa samaki, kaa na konokono wa bahari waliokaushwa, wakagundishwa kwenye vibao na kubandikwa macho ya plastiki. SpongeBob na Patrick wanawekwa chini ya taa kali. Wanaanza kunyauka. Wanaimba wimbo wao kwa sauti inayokatika, machozi yanawatoka, kisha wananyamaza.

Watoto wa Msimbati, kijiji cha pwani huku Mtwara, hunyamaza pia. Hapo nasimamisha filamu.

Wanachokiona wanakijua. Mtoto wa pwani ameshaona viti vya pweza vikianikwa juani, na ameshaona konokono wa bahari akifukiwa mchangani ili nyama ioze na kuliwa na sisimizi, kombe libaki safi la kuuza. Kwao hiyo ni kazi ya kawaida kama kuanika korosho kwenye mkeka. Sijawahi kumkaripia mtoto kwa hilo, maana anayeokota makombe mara nyingi anatafuta hela ya daftari. Ninachotaka ni aone kwamba kilichoanikwa kilikuwa hai, na hotuba yangu haifanyi hivyo kwa kasi ambayo dakika chache za taa ile zinafanya.

Baada ya ukimya huo ndipo sayansi inapoingia vizuri. Sponji wa baharini ni mnyama. Hana ubongo, hana mishipa ya fahamu, hana misuli. Mwili wake umejaa matundu madogo na mifereji, na ndani ya mifereji hiyo kuna seli zenye vijimjeledi vinavyopiga bila kupumzika ili kuyavuta maji. Maji yanaingia na hewa ya oksijeni na chembe za chakula, yanachujwa, yanatokea tundu kubwa la juu. Maisha yake yote ni maji yanayopita. Ukimtoa nje, mifereji inaingiwa na hewa, na sponji wengi wa maji ya kina hawawezi kupona hata ukiwarudisha. Kiti cha pweza naye hutembea kwa nguvu ya maji: chini ya mikono yake kuna mamia ya vijiguu vidogo vinavyojazwa na kupunguzwa maji, ndivyo anavyojivuta juu ya mwamba au kulifungua kombe la chaza. Ndiyo maana taa ile ni mateso sahihi kabisa kisayansi. Filamu imewachukua wanyama wawili ambao maji ndiyo pumzi, chakula na mwendo wao, ikawanyang'anya maji.

Aliyeibuni katuni hii, Stephen Hillenburg, alijua anachokifanya. Kabla ya uchoraji alikuwa mwalimu wa sayansi ya bahari huko Dana Point, California, na aliwahi kuwachorea wanafunzi kitabu cha picha kuhusu viumbe wa sehemu zinazofunikwa na maji yakijaa na kubaki wazi yakipwa. Filamu ya 2004 aliiongoza mwenyewe. Alifariki mwaka 2018. Ninapoliona duka lile la rafu za maiti, namwona mwalimu aliyewahi kuinama kwenye vidimbwi na watoto.

Kisha kuna jambo ambalo lazima nilisahihishe. Katika filamu, machozi ya marafiki wale wawili yanatiririka hadi kwenye waya, umeme unapiga shoti, moshi unawasha vinyunyizio vya dari, na maji yanawafufua wote waliokaushwa. Watoto hushangilia, nami nawaacha washangilie mpaka waridhike. Halafu nawaambia ukweli: kiti cha pweza akishakauka hafufuki. Mkono ukikatika akiwa baharini anaweza kuuotesha upya, na hilo ni ajabu ya kutosha.

Baada ya filamu tunatoka na makombe mkononi. Siku moja kijana aliniletea kauri, kombe la aina ya konokono wa bahari, kubwa yenye madoadoa, inang'aa hadi unajiona. "Mjomba, hii nimeiokota ufukweni, ilishakufa." Nilimwomba ailinganishe na nyingine iliyokuwa imesukumwa na mawimbi: imefifia, imekwaruzika, rangi imekuwa ya chokaa. Kauri anapokuwa hai hulifunika kombe lake kwa nyama laini, na nyama hiyo ndiyo inayoling'arisha. Akifa baharini, mchanga na jua huuondoa ule mng'ao. Kwa hiyo kauri inayometa mezani kwa muuzaji, kwa kawaida ilichukuliwa ikiwa hai. Kijana aliligeuza kombe lake mara kadhaa, akalinusa, akasema taratibu, "Basi huyu alikuwepo." Tangu hapo ni yeye anayewaonyesha wenzake.

Na si suala la huruma peke yake. Kombe tupu ni nyumba ya kaa wale wasio na gamba kamili mgongoni, ambao hutafuta kombe kubwa zaidi kadiri wanavyokua. Yule konokono mkubwa ambaye kombe lake hupulizwa baragumu ni mmoja wa wanyama wachache wanaomla kiti cha pweza wa miiba, na huyo wa miiba hula matumbawe. Ukiwamaliza makonokono hao unampunguzia adui yule anayeutafuna mwamba, na mwamba ndio malisho ya changu na maficho ya pweza ambao mama zetu huwachokoa maji yakipwa. Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 ikiwa na kilomita za mraba 650, bahari na nchi kavu pamoja. Viumbe hawa wamo ndani ya mpaka wake, na watoto hawa pia.

Kwa mwalimu anayetaka kujaribu: tafsiri kwa mdomo huku filamu inaendelea, kwa sababu Kiingereza chake ni cha haraka. Walio chini ya miaka sita wakae karibu na mkubwa wakati wa bonde la majitu na wakati wa taa. Usiyaruke matukio hayo, ila usiwaache nayo peke yao. Usihangaike sana na makosa ya uchoraji, kama Squidward, pweza jirani wa SpongeBob, kupewa miguu sita badala ya minane. Watoto wetu, ambao pweza wanamjua toka sufuriani, hulibaini wenyewe na hufurahi kulisema.

Filamu ya pili, ya mwaka 2015, inawaleta mashujaa nchi kavu kwa vituko zaidi kuliko hatari, na kwa somo hili hainisaidii. Ya tatu, ya mwaka 2020, naanza kuifikiria. Ndani yake Mfalme Poseidon anachukua konokono ili ute wao uulainishe uso wake, na konokono wa SpongeBob ni mmoja wa waliochukuliwa. Msimu ujao nitaiweka baada ya ile ya kwanza, nione watoto watasema nini kuhusu mfalme huyo.