Kwa nini watafiti wa sera waligawa simu kabla ya kuuliza maswali?

Ukifika soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, mtazame mnunuzi mwenye bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea punje guniani. Analichoma gunia juu, ubavuni, kisha karibu na kitako. Punje zinamwagika kiganjani, naye anazichambua kwa kidole gumba: hii imetobolewa na dumuzi, hii bado ina unyevu. Halifungui gunia zima, lakini pia hayaamini mahindi ya juu peke yake.

Taasisi za utafiti wa sera huyachukua maoni ya watu kwa namna hiyohiyo. Shirika la Twaweza lilipoanza Sauti za Wananchi, utafiti wake wa maoni kwa njia ya simu, watafiti walikwenda kwanza kwenye kaya zipatazo 2,000 za Tanzania Bara zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Kila kaya ikapewa simu na chaja ya umeme wa jua, kisha ikawa inapigiwa mara kwa mara kuulizwa kuhusu maji, elimu, afya. Wangewapigia wenye simu tu, wangeambulia mahindi ya juu: watu wa mjini, wenye umeme. Mama wa wilayani Bahi anayefukua mchanga wa korongo alfajiri kutafuta maji angeachwa nje, na shida ya maji anaijua kuliko sisi sote.

Majibu yakishapatikana, yanakwenda wapi? Mengine huja hapa Dodoma. Aprili hadi Juni Bunge hujadili bajeti, maana mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mbunge husema wananchi wake hawana maji. Waziri hujibu kwa idadi ya visima vilivyochimbwa. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, na mjadala ukakwama hapo. Taasisi haina kura, wala haipangi bajeti. Inacholeta ni swali lingine: ni kaya ngapi zinakwenda, zinapanga foleni na kurudi na maji ndani ya dakika 30? Hapo ndipo kisima kilichoharibika pampu huacha kuhesabiwa kama maji. Kwangu mimi, huu ndio mchango wao mkubwa kuliko yote.

Kwa hiyo ukisikia redioni “Watanzania wengi wanasema”, ulizia waliulizwa wangapi, na kwa maneno gani. “Unaridhika na huduma ya maji?” na “Jana ulitumia muda gani kuchota maji?” ni maswali mawili yanayoweza kupata majibu yasiyofanana kabisa kutoka kwa mtu yuleyule, siku ileile, ndoo ikiwa bado kichwani.