Siku ya tatu mpe jembe: wachezaji wa kigeni kwenye kriketi ya vilabu Ayalandi

Kila mwaka, Aprili ikikaribia kwisha, picha ile ile huingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha klabu. Kijana wa miaka ishirini na kitu amesimama nje ya uwanja wa ndege wa Dublin, fulana nyepesi, baridi inamtafuna, begi la kriketi linakaribia kumzidi kimo. Safari hii katoka Afrika Kusini, mwaka juzi alikuwa Mwaustralia. Chini ya picha mwenyekiti ameandika, "Pro wetu huyo!", yaani mchezaji wa kulipwa, na vidole gumba vinamiminika. Saa moja baadaye simu yangu inaita. Mzazi mmoja, kwa adabu zote, ananiuliza: kocha, sasa mwanangu atapiga namba ngapi? Yaani, pro akishaingia, atakuwa wa ngapi kwenye orodha ya wapigaji?

Nafundisha vijana wa chini ya miaka 17 hapa Dublin. Kriketi yenyewe niliijulia Nairobi, enzi ambazo Kenya ilikuwa ikiwafunga hawa hawa Waairishi: nusu fainali ya ICC Trophy, mashindano ya kufuzu Kombe la Dunia, mwaka 1997 kule Kuala Lumpur tuliwashinda kwa mikimbio saba (mikimbio ndiyo alama za kriketi), wakarudi kwao bila tiketi ya Kombe la Dunia. Nikilitaja klabuni wazee wananiambia nikae kimya. Mambo yamegeuka tangu hapo, na sehemu ya mageuzi hayo ilianza na kijana kama huyu wa kwenye picha. Ndiyo maana swali la mzazi halinipi jibu jepesi.

Kwanza mfumo wenyewe. Msimu wa huku ni mfupi, kuanzia mwisho wa Aprili hadi Septemba, na mvua inakata kipande chake. Ni wakati ule ule ambapo Afrika Kusini na Australia kuna baridi na ligi zimelala. Basi kijana anayetafuta mipira ya kupiga hupanda ndege, klabu humtafutia pa kulala, humlipa kiasi, na yeye hucheza Jumamosi na kufundisha watoto katikati ya wiki. Wengine huja hawajulikani wakaondoka vivyo hivyo. Wengine ni AB de Villiers, ambaye mwaka 2004 alikuwa akichezea Carrickfergus, kaskazini mwa Belfast, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameanza mechi za Testi, zile ndefu za siku kadhaa kati ya mataifa, na taifa lake, Afrika Kusini. Sijui watoto waliomrushia mpira kwenye neti, yaani mazoezini, msimu ule walipata nini, ila mimi ningelipa nauli kuwa mmoja wao.

(Kando kidogo: kriketi hapa ni ya kisiwa kizima, timu ya taifa ni moja, lakini mataifa ni mawili: kaskazini, penye Belfast, ni Uingereza. Pro aliyepata viza ya Uingereza ili achezee klabu ya Belfast hawezi kujiendea Dublin kwa mechi ya kombe, safari ya saa mbili kwa gari, kama pasipoti yake inahitaji viza ya Ayalandi. Tangu Julai 2024 Waafrika Kusini nao wamo kwenye orodha hiyo. Nimewahi kuona timu ikisafiri bila mpigaji wake bora kwa sababu ya muhuri.)

Sasa hesabu, maana hapa ndipo ugomvi wote ulipo. Ova ni mipira sita ya mrushaji mmoja, na mechi ya ligi ya ova 50 inamruhusu mrushaji mmoja ova 10 tu. Pro anayerusha zote kumi amechukua moja ya tano ya kazi nzima ya urushaji. Akipiga namba tatu na akawa mzuri, anaweza kukaa kati nusu ya zamu. Watu husema "amechukua nafasi ya kijana wetu". Nafasi moja kati ya 11 haimwui mtu. Kinachouma ni aina ya ova anazochukua. Hupewa mpira mpya, hupewa ova za mwisho wapinzani wakihitaji mikimbio sita kwa kila ova, na hupiga wakati wiketi mbili zimeanguka mapema, yaani wapigaji wawili wametolewa, na mrushaji wa upande wa pili ana hasira. Hizo mimi naziita ova ngumu. Mchezaji hukomaa humo. Ova laini za katikati, ambazo kila mtu anasubiri chai, hazimfundishi mtu kitu.

Nilishuhudia hali hii kwenye klabu moja niliyoifanyia kazi zamani. Tulikuwa na kijana wa miaka 17, mkono wa kushoto, mpigaji ambaye hata wapinzani walimwulizia. Kamati ikajisifu kwamba anachezea timu ya kwanza. Ni kweli alicheza msimu mzima, ila alipiga namba nane, karibu na mkia wa orodha ya wapigaji 11, nyuma ya pro na wakongwe waliokuwa wakimzunguka pro. Mwisho wa msimu nikakaa na kitabu cha alama nikahesabu: mipira aliyoikabili haikufika ova kumi. Kijana alikuwa na jezi, picha kwenye gazeti la mtaa, na kriketi ya siku moja na nusu. Mwaka uliofuata akaenda kwenye mpira wa Kigaeli, mchezo wa jadi wa huku, ambako angalau anakimbia. Sikumlaumu. Pro hakuwa na kosa pia, alikuwa akifanya alichoambiwa. Aliyepanga orodha ya wapigaji hakuwa yeye.

Wanaodai wageni wazuiwe kabisa huwa nawarudisha Jamaica, Machi 17, 2007. Siku ya Mtakatifu Patrick, kwenye Kombe la Dunia, Ayalandi iliwatoa wapigaji wote wa Pakistan kwa jumla ya mikimbio 132, kisha ikaifikia ikiwa imebakiwa na wiketi tatu. Nahodha alikuwa Trent Johnston, mzaliwa wa Australia, naye ndiye aliyemaliza mechi kwa kupiga sita, mpira uliovuka mpaka bila kugusa chini. Andre Botha, mzaliwa wa Johannesburg, alirusha ova nane akatoa mikimbio mitano tu na kuchukua wiketi mbili. Jeremy Bray, Msydney, siku mbili kabla alikuwa amepiga mia, yaani mikimbio mia na zaidi peke yake, dhidi ya Zimbabwe. Watu hawa waliingia kisiwani kupitia mlango wa vilabu, wakakaa, wakawa wenyeji. Cha kufurahisha ni kwamba wiki chache tu kabla ya hapo timu hiyo ilikuwa Nairobi kwenye ligi ya dunia ya ICC, baraza la kriketi la kimataifa, na ilimaliza ya tano kati ya sita. Kenya ilichukua kikombe. Tuliwacheka.

Lakini itazame vizuri orodha ya siku ile ya Pakistan. Mikimbio 72 iliyobeba timu ilikuwa ya Niall O'Brien, mtoto wa klabu ya Railway Union pale Sandymount, Dublin. Wiketi tatu zilikuwa za Boyd Rankin, jitu refu kutoka Bready, klabu ya wakulima upande wa Tyrone. Eoin Morgan, aliyekuja kuiongoza Uingereza kubeba Kombe la Dunia 2019, alikuwemo, na kwao ni Rush, kijiji cha mbogamboga kando ya bahari. Wageni na wenyeji walipikwa chungu kimoja. Mrushaji wa Rush aliyepigwa na Mwaustralia kila Jumamosi hakushtuka alipokutana na Mpakistani.

Tofauti ni kwamba vijana wale walikuwa na mlango wa pili. Wakati huo Mwairishi alihesabiwa mchezaji wa nyumbani kwenye kaunti za Uingereza, yaani timu zao za kulipwa. Morgan na Ed Joyce walipita Middlesex, William Porterfield alipita Gloucestershire na Warwickshire. Klabu ya Ayalandi iliwalea hadi miaka 18 hivi, halafu kaunti ikamalizia kazi kwa mishahara yake na makocha wake. Juni 2017 Ayalandi ikapewa uanachama kamili wa ICC na haki ya kucheza Testi. Sote tulishangilia, na Mei iliyofuata nilikuwa Malahide nikimtazama Kevin O'Brien, mdogo wake Niall, akipiga 118 dhidi ya Pakistan kwenye Testi ya kwanza. Bili ikaja baadaye. Baada ya msimu wa 2019 mchezaji wa timu ya taifa akawa mgeni kule kwenye kaunti, kama Mhindi au Mwaustralia yeyote. Tim Murtagh, mrushaji wetu, alilazimika kuchagua, akachagua Middlesex, Ayalandi ikampoteza.

Kwa hiyo kazi iliyokuwa ikifanywa na kaunti 18 imerudi nyumbani, kwenye timu nne za mikoa na vilabu vyetu. Ova ngumu zimekuwa mali adimu kuliko pesa, na bado tunazigawa kana kwamba ni mwaka 2007. Hilo ndilo lalamiko langu, na ndilo pekee.

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pro wangu bora kuliko wote hakuwa mpiga mia. Alikuwa mrushaji wa mpira wa kuzunguka kwa kifundo cha mkono, kitu ambacho vijana wa huku hukiona kwa nadra, kwa sababu viwanja vyao ni laini, vina majani na vinampendelea mrushaji wa kasi ya wastani. Mkataba wake ulikuwa na jembe ndani yake: jioni tatu za neti kwa wiki, shule mbili za msingi kila Ijumaa, na Jumamosi apige namba sita. Juni hapa jua linazama karibu saa nne usiku, basi neti ziliendelea hadi saa tatu na nusu na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Tulimaliza ligi katikati ya jedwali. Kamati haikumwita tena. Watoto wanne wa msimu ule leo wanakabili mpira wa kuzunguka bila kurudi nyuma kama mtu aliyeona nyoka.

Kisha kuna mgeni mwingine ambaye hakutumiwa tiketi na mtu. Simi Singh alitoka Punjab kuja kusoma usimamizi wa hoteli. Mwaka 2021, Malahide, alipiga mia dhidi ya Afrika Kusini akiwa namba nane, jambo ambalo kabla yake hakuna mwanamume aliyekuwa amelifanya kwenye mechi za kimataifa za siku moja. Ukipita viwanja vya madaraja ya chini Jumapili utasikia Kihindi, Kimalayalam na Kipashto kuliko Kiingereza. Watoto wa wauguzi kutoka Kerala, waliozaliwa hospitali za Dublin, wako kwenye kikosi changu na wana lafudhi ya Dublin kunizidi kwa mbali. Halafu kwenye mkutano mtu anasimama kuzungumzia "vipaji vya hapa" huku macho yakiwaruka. Nami, mtu wa Nairobi, ndiye ninayenyoosha mkono kuwakumbusha kwamba hao ndio wa hapa.

Mwenye shaka kuhusu ova ngumu awatazame wasichana. Vilabu nilivyopita haviajiri pro kwa timu ya wanawake, kwa hiyo kazi yote huwaangukia wasichana wenyewe, wakubwa kwa wadogo. Gaby Lewis aliichezea Ayalandi mwaka 2014 akiwa na miaka 13. Amy Hunter alipiga 121 bila kutolewa huko Harare, Oktoba 11, 2021, siku aliyotimiza miaka 16. Sisemi ni kwa sababu hiyo tu, na uchache wa wachezaji nao unasukuma. Ila hakuna aliyewaweka namba nane.

Mzazi wangu wa simu nilimjibu hivi: mwanao atapiga namba nne, pro atapiga namba tano, nimelipigania hilo kwenye kamati hadi saa tano za usiku. Kamati imekubali mpaka mwisho wa Mei. Juni wataangalia jedwali la ligi, na najua tayari ni nani atakayenipigia simu kwanza.