Albamu ya rap yenye wageni wengi: maana yake na jinsi inavyofanya kazi

Kuna albamu za rap ambazo karibu kila wimbo una jina la pili, la tatu, hata la nne baada ya lile la mwenye albamu. Hizo ndizo tunazoziita albamu za kushirikisha. Kazi inatoka kwa jina la msanii mmoja, lakini sehemu kubwa ya sauti unazozisikia ni za watu walioalikwa. Mgeni anaweza kuchana vesi moja, kuimba kiitikio tu, au kuachiwa wimbo mzima huku mwenyeji akiwa kimya.

Tusiichanganye na albamu ya kundi. Wale rapa tisa wa kundi la Wu-Tang Clan kwenye albamu yao ya kwanza ya 1993 hawakuwa wageni wa mtu, wote walikuwa wenye nyumba. Wala si mkusanyiko, ambapo lebo, yaani kampuni ya muziki, inaokota nyimbo zilizokwisha kurekodiwa na kuziweka pamoja. Katika albamu ya kushirikisha kuna mtu mmoja anayeamua sauti ipi iingie wapi, na sifa au lawama zinamrudia yeye.

Mara nyingi mtu huyo ni prodyuza, na si ajabu: anajua kutengeneza biti, lakini anahitaji watu wa kuichana. Marley Marl wa Queensbridge, New York, alionyesha njia mwaka 1988 kwa albamu yake In Control, Volume 1. Kwenye wimbo The Symphony, Masta Ace, Craig G, Kool G Rap na Big Daddy Kane wanapokezana mmoja baada ya mwingine juu ya biti ileile, na kila anayeshika kipaza sauti anataka kumpita aliyemtangulia. Nyimbo nyingi za wachanaji wanne au watano zilizofuata zinafuata mpango huo.

Ila kwa maoni yangu, anayetaka kuielewa dhana hii vizuri aisikilize The Chronic ya rapa na prodyuza Dr. Dre, iliyotoka Desemba 1992. Dre alikuwa ameachana na kundi lake la N.W.A na lebo ya Ruthless, akaanza upya na lebo ya Death Row huko Los Angeles. Alikuwa gwiji wa studio, lakini hakuwa mwandishi mkubwa wa mashairi. Akajizungushia vijana ambao wengi wao hawakuwa na jina: Snoop Doggy Dogg, Nate Dogg na Warren G wa Long Beach, Daz, Kurupt, RBX, The Lady of Rage, na mwimbaji Jewell. Kwenye kuandika alisaidiwa pia na The D.O.C., rapa wa Dallas aliyepoteza sauti yake kwa ajali ya gari mwaka 1989. Mtu aliyeshindwa kuchana tena akawa anasikika kupitia vinywa vya wengine, na mimi naona hapo ndipo ushirikiano wa albamu ile ulipofikia kina chake.

Sikiliza wimbo wake Stranded on Death Row. Rapa Bushwick Bill wa Houston anaufungua kwa maneno ya kuongea, kisha Kurupt, RBX na The Lady of Rage wanachana, na Snoop anachana wa mwisho. Dre hachani hata mstari mmoja. Hata hivyo huwezi kudhani ni wimbo wa mtu mwingine: besi ile nzito, sinthesaiza ile nyembamba inayolia juu, na mwendo usio na haraka, vyote ni vyake. Na kwenye Nuthin' but a "G" Thang, uliofika nafasi ya 2 kwenye Billboard Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani, anayeanza kuchana ni Snoop, si mwenye albamu. Mwaka mmoja baadaye Doggystyle ya Snoop iliingia moja kwa moja katika nafasi ya 1 ya chati ya albamu. Kurupt na Daz walifika hapohapo mwaka 1995 kwa jina la Tha Dogg Pound. Albamu moja ilikuwa imetengeneza wasikilizaji wa albamu mbili nyingine.

Upande wa pesa, mgeni hulipwa kwa makubaliano: malipo ya mara moja kwa vesi, asilimia ya mauzo, au kubadilishana vesi kwa vesi. Akiwa ameandika mashairi yake, anastahili pia fungu la uandishi, ambalo linaendelea kuingia miaka na miaka. Akiwa na mkataba na lebo nyingine, lazima lebo hiyo itoe ruhusa, ndiyo maana kwenye vijitabu vya CD unakuta maneno "kwa hisani ya" yakifuatwa na jina la kampuni. Wimbo mzuri unaweza kukaa kabatini kwa sababu ya ruhusa hiyo tu.

Wingi wa majina haufanyi albamu iwe nzuri. Illmatic ya Nas, ya 1994, ina rapa mgeni mmoja tu, AZ, na haijapungukiwa kitu. Vesi nyingi za siku hizi hutumwa kama faili, mgeni hajui wimbo unahusu nini, na unasikia kabisa kwamba mistari ile ingekaa kwenye biti yoyote. Mwaka 2010 Kanye West alifanya kinyume: aliwakusanya wasanii Hawaii kutengeneza My Beautiful Dark Twisted Fantasy. Kwenye Monster, yeye, Rick Ross na Jay-Z wanatangulia, kisha Nicki Minaj anaingia, anabadilisha sauti kana kwamba ni watu wawili wanaojibizana, na anawafunika wote, mwenyeji akiwemo. Kanye aliiacha vesi ile kama ilivyo, ingawa albamu ya kwanza ya Nicki ilitoka siku ileile na yake, tarehe 22 Novemba 2010.