Je, wajua kwa nini mbwa akikunyang'anya kamba anakurudishia?

Jaribu jioni ya leo, kama una mbwa mnayeelewana. Chukua mguu wa jinzi kuukuu, ufunge fundo, uburuze chini mbele yake. Ataudaka, atavuta kinyumenyume, atanguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka. Vutaneni kidogo, kisha mwachie. Mbwa wengi hawatokomei na ushindi wao. Wanazunguka ua raundi moja, kichwa juu, wanaukung'uta mguu wa jinzi kama wanamvunja panya shingo, halafu wanarudi na kukusukumia mapajani. Haya, shika tena.

Kama alichotaka ni jinzi, si ameshaipata? Mbona anairudisha?

Ukilijibu hilo umejibu na ubishi wa miaka mingi wa wafuga mbwa: mchezo wa kuvutana kamba na mbwa ni mzuri, au ni kumfundisha ukali? Wazee wengi watakwambia usithubutu, na kama ukithubutu basi usimwachie ashinde, maana atakupanda kichwani.

Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel alichapisha maelezo ya mbwa mwitu wa kaskazini (wolf kwa Kiingereza) waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Aliona wakigombania ukubwa mchana na usiku. Kutokana na maelezo kama hayo likaja wazo kwamba kila kundi lina mbabe, na kila anayeishi na mbwa lazima awe yeye huyo mbabe. Kupokonywa kamba, kwa hesabu hiyo, ni kupinduliwa. Mmarekani L. David Mech alilisambaza wazo hilo kwa kitabu chake cha mwaka 1970, na baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyelibomoa. Alikwenda kuwatazama mbwa mwitu walio huru katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini ya mbali ya Kanada, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Wale wa Basel walikuwa kama abiria wasiojuana waliofungiwa ndani ya basi moja miaka nenda rudi. Nani asingegombana?

Kuhusu kamba yenyewe, Nicola Rooney na John Bradshaw wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, waliamua kupima. Katika jaribio walilochapisha mwaka 2002 walitumia mbwa 14 aina ya golden retriever. Kila mbwa alivutana kamba na mtu mara 40. Mara 20 aliachiwa ashinde, mara 20 akanyang'anywa. Walioshinda hawakuota mapembe. Ashinde asishinde, baada ya mchezo mbwa alikuwa msikivu kuliko kabla. Na wale wapenda mchezo hasa, wakishinda, walichofanya ni kumsumbua mtu waanze upya. Mbwa 14 si wengi, na aina hiyo ni wapole tangu kuzaliwa, kwa hiyo mimi sitayachukua matokeo hayo nikaenda kuvutana na mbwa wa godauni. Lakini yanatosha kuizika hadithi ya mapinduzi.

Watafiti haohao, pamoja na mwenzao, walikuwa wameshalinganisha mbwa akicheza na mbwa na mbwa akicheza na mtu. Akiwa na mbwa mwenzake hukumbatia kitu kisiondoke. Akiwa na mtu huwa mwepesi kukiacha, na hukuletea akuonyeshe. Kwake hiyo ni michezo miwili tofauti.

Sasa turudi kwenye jinzi. Windo la mnyama wa jamii ya mbwa lina hatua zake: kutafuta, kunyatia, kufukuza, kung'ata, kisha kurarua. Hatua hiyo ya mwisho ni kazi ya wengi. Ukiwatazama mbwa mwitu wetu wa Ruaha, wale wenye madoa na masikio kama sahani (Kiswahili kimewapa jina moja na wale wa Basel, ingawa ni wanyama tofauti), utaona swala anavutwa huku na huku, kila mmoja akitumia uzito wa mwenzake kama nanga. Hao si babu zake Bobi wako. Babu zake ni wale wa kaskazini. Lakini namna ya kula ni ileile, na Bobi anayekula ugali na dagaa bado anayo mwilini. Jinzi isiyo na mtu upande wa pili ni tambara. Yenye mtu ni windo. Ndiyo maana anairudisha: anachokitaka ni uzito wako.

Wakufunzi wa mbwa wa kazi wanalijua hili zamani. Panya buku wa APOPO, shirika linalofunza panya kunusa, pale Chuo cha Sokoine, Morogoro, wakigundua baruti au kifua kikuu hulipwa ndizi. Mbwa wa kunusa, wale wa viwanja vya ndege na bandarini, mara nyingi hawalipwi chakula. Akiketi mbele ya sanduku lenye pembe za ndovu, mshahara wake ni mpira au kipande cha kitambaa kigumu, na askari wa kuvutana naye kwa nusu dakika. Kwa malipo hayo atanusa mizigo asubuhi nzima.

Na ule mngurumo? Ndio unaowatisha wageni. Watafiti wa Budapest, Hungaria, walirekodi mbwa wakinguruma katika mchezo wa kuvutana, wakilinda mfupa, na wakimtishia mtu wasiyemjua, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Sauti ya mchezo ilitofautiana na zile mbili nyingine. Waliporushia mbwa wengine mngurumo wa mlinda mfupa kupitia spika iliyofichwa, wengi waliuacha mfupa uliokuwa mbele yao. Mngurumo wa kumtishia mgeni haukuwarudisha nyuma kiasi hicho. Wao wenyewe wanaelewana. Sisi tusio na masikio hayo tutazame mwili. Wa mchezo umelegea, mkia unapepea na kiuno pamoja, miguu ya mbele inainama matako yakibaki juu. Mbwa aliyekakamaa ghafla, akaganda juu ya kamba, akakukazia jicho la pembeni, huyo hachezi tena. Iache kamba ianguke, ondoka taratibu, na usije ukajaribu kumpokonya kwa nguvu kuthibitisha uanaume.

Jambo linalopuuzwa zaidi katika mchezo huu ni kuachia. Watu wanafundisha kuvuta, na kuvuta mbwa amezaliwa nako. Fanya hivi: mkiwa katikati ya mchezo, acha kuvuta, ibane kamba kwenye goti lako iwe mfu kabisa, sema "achia" mara moja, kisha kaa kimya. Usirudie neno kama muuza maji. Windo lililokufa halina raha, na baada ya sekunde kadhaa taya zitalegea. Hapo hapo, kabla hajafikiri, mrudishie kamba mwendelee. Wengi wanakosea hapo: mbwa akiachia, wao wanaikunja wanaingia ndani, kisha wanashangaa kwa nini safari ijayo anaing'ang'ania. Amejifunza kwamba kuachia ni kunyimwa. Neno lenyewe liwe lolote. Mijini kwetu mbwa huamrishwa kwa Kiingereza hata na bwana asiyekijua, sijui nani alituanzishia, na mbwa hajali, mradi neno liwe moja kwa nyumba nzima.

Meno yakigusa mkono, hata kwa bahati mbaya, mchezo umekwisha kwa dakika moja. Bila kelele, bila kofi.

Mwili wake nao una mipaka. Mvute kwa usawa wa shingo yake, mbele na nyuma au kushoto na kulia taratibu, na yeye ndiye afanye kazi kubwa. Kumnyanyua hewani akining'inia kwa meno kunachekesha kwenye simu na kunaumiza uti wa shingo. Mtoto wa mbwa wa kati ya miezi mitatu na saba anabadilisha meno, yale 28 ya utotoni yakiyapisha 42 ya ukubwani. Ukivuta kwa nguvu utaona damu kwenye kitambaa. Kwake iwe mchezo wa kugusagusa tu. Kamba ya katani iache kwa mbuzi. Inachubua fizi, na nyuzi zake zikimezwa zinaweza kukunja utumbo na kuukata, jambo la upasuaji. Kitambaa cha pamba kilichosukwa kinatosha, na kikianza kuchanika kitupe. Usimpe kanga wala shati linalofanana na mnayovaa, kwa sababu hatatofautisha kati ya tambara lake na gauni la mtoto anayekimbia. Na mtoto mdogo asiachwe peke yake katika mchezo huu hata kama mbwa ni malaika.

Mbwa asiyechanjwa kichaa hachezewi, nukta. Jino likikwaruza ngozi ya mtu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote wameupata kwa mbwa.

Kwa nyumba nyingi za pwani kuna suala jingine, la mate. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi huku, mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Wafuasi wa Malik wana mtazamo mwingine. Jirani yangu anayefuga mbwa kwa ulinzi anatumia kamba ndefu ya mita mbili, ncha kavu mkononi mwake na ncha yenye mate huko mbali, na jioni huitundika kwenye mpapai.

Mbwa wangu alijifunza kuachia kwa wiki mbili hivi. Juzi nilimkuta mlangoni na kandambili ya mgeni mdomoni, mkanda umeshang'oka. Nikasema "achia". Akaitema palepale, akakaa, akanitazama usoni huku mkia ukifagia sakafu, akisubiri nishike upande wangu.