Kwa nini mpishi wa malewa hulala na bado huamka amechoka?

Mpishi wa malewa (mkahawa mdogo wa bei nafuu) mjini Goma hupumzika Jumapili nzima, lakini Jumatatu saa kumi na moja alfajiri anawasha mbabula, jiko lake la makaa, mwili ukiwa mzito kana kwamba hakulala. Watu husema ni uvivu, au kazi zimemzidi, alale tu. Uvivu haumo kabisa. Usingizi husaidia kidogo, lakini hata faida ya likizo ndefu huyeyuka ndani ya wiki chache mtu akirudi kwenye jiko lilelile. Shirika la Afya Duniani (OMS) mwaka 2019 lilitaja dalili tatu za hali hii, uchovu wa kazi (burnout): nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kuona kazi yako haifai kitu. Haliiiti ugonjwa. Linasema chanzo chake ni msongo wa kazini uliodumu bila kutatuliwa.

Mwaka 1979, mtafiti Robert Karasek, kwa takwimu za Sweden na Marekani, alionyesha kwamba kinachommaliza mtu ni kazi nyingi zikikutana na kukosa uamuzi. Tazama chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, zikiteremka na magunia yaleyale ya viazi. Mwendeshaji mmoja ana kipande cha tairi cha kukanyagia gurudumu la nyuma, hupunguza mwendo anapotaka. Cha mwenzake kimekatika: misuli yake imekaza mpaka chini, hata penye tambarare.

Saa sita mchana mpishi ni huyo wa pili. Komande (oda za wateja) zinaingia kwa mkupuo, na mhudumu ameshaahidi maharage "sasa hivi". Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 95, kwa hiyo maharage hayaharakishwi. Menyu hakuichagua, mwendo haupangi yeye. Usiku kichwa bado kinapanga komande za kesho.

Utafiti mwingi wa aina hii ulifanywa Ulaya na Marekani, si mbele ya makala (makaa ya jikoni), na joto na moshi vina madhara yake. Kichwa kikiuma kila siku jikoni, kwanza fungua madirisha: makala hutoa kaboni monoksidi.

Patroni aanze hapa: mpishi ndiye atangaze chakula gani kimeisha na kipi kinahitaji saa nzima. Wawili wapokezane motoni, kikombe cha maji kila dakika 20. Robo saa ya kukaa ije kabla ya saa sita, maana baada ya hapo hakuna atakayeipata.