Kuacha kazi: tunayoambiana mpakani, na yaliyo kweli

Malaba, upande wetu wa Uganda, habari za kazi huzungumzwa kwa Kiswahili, maana riziki ya mji hushuka na madereva wa trela kutoka Mombasa. Nilikaa hapo miaka minane, 2009 hadi 2017, nikiwa karani wa nyaraka katika ofisi moja ya uwakala wa forodha. Ilinipasa kuondoka 2015. Miaka ile miwili ya ziada niliisukuma kwa mawaidha ya watu walionipenda, na karibu kila walilonieleza kuhusu kuacha kazi halikuwa kweli, au lilikuwa kweli iliyokatwa nusu. Maneno yale yale nayasikia leo wakiambiwa vijana wa Busia, Tororo na Nakawa. Nayaweka hapa kama yanavyosemwa.

"Kazi ni adimu, ukiipata usiiachie"

Kazi ni adimu kweli. Anayekwambia hivyo amewaona wahitimu wa chuo kikuu wakiendesha boda boda, na hasemi kwa ubaya. Wazee nao walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Sina ugomvi nao. Shida huja pale unapoamini kenda bado umeishika, kumbe imekwisha kuponyoka.

Mwaka 2014 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha. Kabla ya hapo, mzigo wa Uganda ulitoka bandarini Mombasa chini ya dhamana, yaani kodi bado haijalipwa, ukafika Malaba au Busia, na hapo ndipo sisi makarani tulipoingia: kuandaa nyaraka, kupeleka tamko la forodha la mzigo, kufuatilia kodi, huku trela zimepanga foleni nje. Chini ya utaratibu mpya, tamko hutolewa na kodi ya Uganda hulipwa mzigo ungali Mombasa. Kwa mfanyabiashara na dereva ilikuwa nafuu kubwa, siku za njiani zilipungua. Kwetu mpakani, kazi yenyewe ilihama. Mafaili yaliyokuwa yakijaza meza tatu yakatoshea meza moja, kisha nusu yake. Ofisi zenye uwezo zilifungua dawati Mombasa. Yetu haikufungua.

Hakuna aliyegombana na mtu. Bosi alikuwa mpole yule yule, chai ya saa nne ilikuja kama kawaida. Ndiyo maana sikuiona dalili: nilikuwa naitafuta kwenye sura za watu, nayo ilikuwa mezani. Tangu hapo, yeyote anayeniuliza kama wakati wake umefika namuuliza kwanza: ile shughuli unayolipwa kuifanya, mwaka huu inafanyika wapi, na inafanywa na nani? Jibu likiwa ni mashine, au mji mwingine, au kijana wa mkataba wa miezi mitatu, basi unachokishika ni kiti tu.

"Mshahara ukichelewa, vumilia, subira huvuta heri"

Mwezi mmoja wa kuchelewa unaweza kuwa ajali. Mteja hajalipa, benki ina hitilafu, mambo hayo yapo. Ila kuna ushahidi ambao hauhitaji kubahatisha, na kila mwajiriwa wa Uganda anaweza kuupata: taarifa ya michango yake ya NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi.

Sheria inataka mchango wa asilimia 15 ya mshahara, 5 kutoka kwako na 10 kutoka kwa mwajiri, na mwajiri aupeleke ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Tangu marekebisho ya 2022, sharti hili ni la kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Zamani waliokuwa na wafanyakazi chini ya watano hawakubanwa. Sasa linganisha. Hati ya mshahara inaonyesha umekatwa asilimia 5. Taarifa ya NSSF inaonyesha nini?

Mimi nililinganisha nikiwa nimechelewa sana. Mwaka 2016 nilikwenda Mbale kwa shughuli ya familia, nikapita ofisi ya NSSF kwa kuwa nilikuwa na saa moja ya bure. Miezi kumi na mmoja ilikuwa wazi. Nilikatwa kila mwezi, na pesa hazikufika. Sikulia pale, nililia kwenye teksi ya kurudi Tororo. Ofisi inayoanza kula akiba ya wafanyakazi wake imekwisha kukopa kila mahali pengine, na aliyebaki kukopwa ni wewe. Subira hapo haivuti heri yoyote. Siku hizi huna haja hata ya kusafiri, taarifa unaisoma kwenye simu. Isome kila baada ya miezi mitatu, hata kama unampenda bosi wako.

"Ukiacha kazi, NSSF yako imekwenda"

Hii ndiyo iliyonifunga muda mrefu kuliko zote, na si kweli hata kidogo. Akiba ni ya mwanachama, inafuata namba yako. Ukihamia kwa mwajiri mwingine, namba ni ile ile. Ukikaa bila kazi mwaka mzima, pesa zipo, na riba huongezwa kila mwaka hata kama hukuchangia.

Kuna dhana dada yake, nayo imewaumiza wengi: "Acha kazi uchukue NSSF ufungue duka." Haiwi hivyo. Akiba yote hutolewa ukifika miaka 55, au miaka 50 ukiwa umekaa bila ajira mwaka mzima. Sheria ya 2022 iliongeza mlango wa kati: aliyefika miaka 45 na kuchangia miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20, na mwenye ulemavu aliyefika miaka 40 na kuchangia miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 50. Na hapo huhitaji kuacha kazi. Kijana wa miaka 32 anayeandika barua ya kujiuzulu akitegemea pesa hizo anaandika kwa hesabu isiyokuwepo.

"Umechoka tu, chukua likizo"

Ushauri mzuri, kama likizo itachukuliwa kweli. Sheria ya Ajira ya 2006 inakupa siku saba za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne ya kazi, yaani 21 kwa mwaka, na wengi wetu hatuzimalizi. Kabla ya kuamua lolote, zimalize. Uchovu wa kawaida huisha kwa usingizi na chakula cha nyumbani. Ukirudi Jumatatu na kufikia saa sita mchana moyo umejaa uzito ule ule, kitu kingine kinaendelea.

Kitu hicho kwa Kiingereza huitwa burnout, na kina maelezo. Shirika la Afya Duniani limekiingiza katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali za kiafya, iliyoanza kutumika 2022, likikieleza kuwa hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa. Halikiiti ugonjwa. Lakini limetaja sura zake tatu: nguvu kukauka, akili kujitenga na kazi au kuichukia, na kuhisi kwamba unachofanya hakizai kitu. Mtu akikwambia "umekuwa mvivu siku hizi", pima hizo tatu kabla hujakubali.

Saa zenyewe nazo zihesabiwe. Wiki ya kawaida kisheria ni saa 48. Mlinzi wa getini Kampala anayepiga zamu ya saa 12 kwa siku sita anafanya saa 72. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani wa 2021 ulionyesha kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaambatana na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Ndugu zangu walinzi, najua mshahara ni ule ule na ada za shule hazingoji. Nataka tu mjue kwamba mwili unapolalamika, haudanganyi.

"Wa kuondoka ni yule mwenye bosi mbaya"

Bosi mbaya huhamishwa, hustaafu, hubadilika. Nimeona watu wakiacha kazi nzuri kwa sababu ya msimamizi aliyeondoka miezi miwili baadaye. Ukali peke yake hautoshi kuwa sababu.

Unyanyasaji ni jambo jingine. Bosi anayedai mwili wa mfanyakazi ili ampandishe cheo au asimfukuze anavunja sheria, na Sheria ya Ajira inampa mfanyakazi haki ya kulalamika kwa afisa wa kazi. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 anatakiwa kuwa na hatua rasmi za kuzuia mambo hayo. Dada yangu unayesoma hili, usihesabu miezi. Andika tarehe na maneno aliyosema, mwambie mtu mmoja unayemwamini, utafute msaada wa kutoka.

"Ukijiuzulu mwenyewe, umesamehe haki zako"

Hukusamehe. Ajira ikikoma kwa njia yoyote, unatakiwa kulipwa mshahara wako na stahili ulizozichuma, zikiwemo siku za likizo ambazo hukuzichukua, ndani ya siku saba. Ukiomba cheti cha utumishi, mwajiri analazimika kukupa: kinataja ulifanya kazi gani na kwa muda gani, na sababu ya kuondoka haiandikwi mpaka uombe wewe.

Kuna jambo ambalo hata maofisa utumishi wengine hawalijui. Ukiondoka kwa sababu mwajiri amekutendea isivyostahili, sheria inakuhesabu kuwa umeachishwa, ingawa barua umeiandika wewe. Malalamiko yapelekwe kwa afisa wa kazi wa wilaya ndani ya miezi mitatu. Niliwahi kumsindikiza jirani yangu kupeleka lake, na swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa la tarehe. Miezi mitatu huisha haraka mtu akiwa na aibu.

Kwa upande wa pili, msidanganyane kuhusu kiinua mgongo. Malipo ya kuachishwa yaliyo katika sheria ni ya waliofukuzwa isivyo haki, waliolazimika kuacha kwa udhaifu wa mwili, na hali chache za namna hiyo. Anayeondoka kwa hiari kutafuta malisho mengine hayapati, labda mkataba wake useme vingine. Nenda kausome mkataba leo, ukiwa mtulivu.

"Ukiamua, tupa barua uondoke siku hiyo hiyo"

Kutambua kwamba wakati umefika ni jambo moja, na siku ya kutoka ni jambo jingine. Wengi huchanganya haya mawili, kisha wakilala njaa wanasema uamuzi ulikuwa mbaya. Uamuzi ulikuwa sawa, siku ndiyo iliyokosewa.

Notisi inategemea umekaa muda gani: wiki mbili ukiwa umezidi miezi sita lakini hujamaliza mwaka, mwezi mmoja kuanzia mwaka hadi miaka mitano, miezi miwili kuanzia mitano hadi kumi, na miezi mitatu ukizidi hapo. Inakubana wewe kama inavyombana mwajiri. Ukiondoka bila notisi anaweza kukudai mshahara wa muda huo. Halafu kuna mkopo wa mshahara, ambao nusu ya wenzangu walikuwa nao. Mkopo haufi na barua yako. Soma makaratasi uone benki itadai nini mshahara ukikoma kupita kwenye akaunti.

Na kama mpango ni kwenda kyeyo, yaani vibarua vya ng'ambo, Uarabuni, usiandike barua kwa sababu wakala amekuonyesha picha za ndege. Hakikisha kwanza kwamba kampuni hiyo ina leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na uuone mkataba wenye jina lako.

Mimi nilitoa notisi ya miezi miwili mwezi Januari 2017. Niliitumia kujifunza mfumo wa tamko wa kielektroniki ambao ofisi yetu haikuwa ikiutumia tena, jioni, kwenye kompyuta ya rafiki. Mama mdogo, aliyekuwa amenisihi kwa miaka nisiache, ndiye aliyenipigia pasi shati la usaili. Cheti cha utumishi nilikiomba kwa maandishi mara mbili, nikakipata mara ya pili. Ile miezi kumi na mmoja ya michango niliiripoti NSSF nikiwa na hati zangu zote za mshahara kwenye bahasha moja ya kaki. Mama mdogo bado anazo pale Tororo, juu ya kabati, pamoja na vyeti vya ubatizo.