Hamri moja na shahada ya masomo ya ulimwengu

Kila msimu wa kusajili wanafunzi wapya hunijia mzazi na swali lile lile. Safari hii alikuwa mama wa Majengo, hapa Mombasa, mwanawe amesimama nyuma yake akitazama viatu.

"Mwalimu, niambie bila kunificha. Daktari namjua, wakili namjua. Huyu akimaliza haya masomo ya ulimwengu, atakuwa nani?"

Nikamuuliza kazi yake. Akasema huuza mahamri na mbaazi asubuhi. Nikashukuru, maana somo langu la kwanza darasani ni hamri.

Mwaka 2022 mahamri yalipanda bei au yakapungua ukubwa, tena pengine yote mawili. Kwa nini? Mwanafunzi mgeni hujibu upesi: vita vya Ukraine. Ni kweli, ila hajafika nusu. Kenya huagiza nje sehemu kubwa ya ngano yake, na Urusi na Ukraine zimo kati ya wauzaji wetu. Vita vilipoanza Februari, bandari za Ukraine za Bahari Nyeusi zikafungika. Lakini hamri halikaangwi kwa unga. Mafuta yetu mengi ni ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, na tarehe 28 Aprili mwaka huo huo Indonesia ilipiga marufuku kuuza mawese nje, karibu wiki nne, ili watu wake wapate nafuu ya bei. Ongeza shilingi iliyokuwa ikilegea mbele ya dola. Halafu iliki: kwao ni India Kusini, lakini leo Guatemala, upande wa pili wa dunia, imo kati ya wanaoivuna kwa wingi kabisa. Na meli inayoingia bandari yetu ya Kilindini yaweza kuwa ya tajiri wa Ugiriki, bendera ya Panama, mabaharia Wafilipino, bima ya London. Sasa niambie ni nchi gani iliyopandisha bei ya hamri.

Hapo ndipo tunapoachana na jirani zetu wa mahusiano ya kimataifa. Wao, tangu kiti chao cha kwanza cha uprofesa kilipoanzishwa Aberystwyth, Wales, mwaka 1919, wamezoea kuanza na serikali. Sisi wa masomo ya ulimwengu huanza na kitu chenyewe, kiwe ngano, deni, ugonjwa au mtu aliyehama kwao, tukakifuata kinakopita, na njiani tukaazima kwa wachumi, wanahistoria na wanasheria.

Nawakataza wanafunzi kuanza hadithi hii mwaka 1498, Vasco da Gama alipotia nanga hapa. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba watu wa kisiwa hiki hawalimi nafaka, huletewa. Karibu miaka 700 sasa, na bado twaletewa.

Mama nilimweleza na ubaya wake. Somo hili ni pana, na upana hudanganya: mtu aweza kumaliza miaka minne akizungumza vizuri juu ya kila jambo, asijue kusoma jedwali la ushuru wa forodha. Tangazo la kazi lenye jina la shahada hii ni nadra kuliona. Ninaowaona wakifika mbali ni wale walioshika pia kitu kimoja kigumu: takwimu, sheria ya bahari, Kiarabu au Kichina cha kuandikia mkataba, si cha salamu tu. Hao huwakuta kwa mawakala wa forodha, mashirika ya misaada, vyumba vya habari.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akamgeukia mwanawe.

"Basi wewe kaanze na hiyo iliki. Juzi nimeinunua Marikiti kwa bei ya dhahabu, na muuzaji ameniapia ni ya Tanzania."

Kijana akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Na wewe ukamwamini, mama?"